Mama Muvi anajibu: Fungua ukurasa wangu

Kwa wasomaji wapya: kwa miaka 13 niliuza filamu Kayole, Nairobi, kwenye chumba cha mabati chenye upana wa kitanda. Jina la Mama Muvi nilipewa na watoto wa shule waliokuwa wakisimama mlangoni kutazama trela bure. Chumba ni kile kile, ila siku hizi natuma pesa za simu na kuuza chaja. Filamu sijaacha. Mwezi huu barua ni chache lakini moja ni ndefu, na jibu lake ni refu zaidi. Mnivumilie.

Mama Muvi, salamu nyingi. Mimi na marafiki wanne hapa Umoja tunasubiri Black Panther ya tatu, ile ya shujaa wa nchi ya kubuni ya Wakanda, ambayo kwetu ndiyo ya kufunga hesabu. Nimeandika orodha ya mambo ambayo lazima yawemo. T'Challa, mfalme mwenyewe, arudi, hata kwa mwigizaji mwingine. Killmonger, adui wa ya kwanza, afufuke. Lupita Nyong'o, yule Nakia, apewe nafasi kubwa. M'Baku, yule mkuu wa kabila la milimani, awe mfalme. Namor, mfalme wa baharini, apigwe tena, safari hii sawasawa. Sehemu moja ipigwe Nairobi, hata kama ni Uhuru Park tu. Na kwa jumla iwe kubwa kuliko ya kwanza. Rafiki yangu mmoja anasema najisumbua, eti filamu ya tatu ya mashujaa huangusha watu kila mara, na nitatoka ukumbini nimenuna. Je, ya tatu ina laana? – Kijana wa Umoja

Laana hakuna, mwanangu. Kuna daftari.

Dukani nilikuwa na daftari la mkopo, lile la jalada jeusi lenye mgongo mwekundu. Kila mteja ukurasa wake. CD moja ilikuwa shilingi 50, na katikati ya mwezi watu wengi walichukua wakasema, "Mama, andika." Mimi naandika. Kukopa kunapendeza, uso wa mtu anayekopa una furaha hata akiwa hana senti. Kazi iko tarehe 30, mtu anapokuja na kusema, "Mama, fungua ukurasa wangu."

Filamu ya kwanza ya mashujaa hukopa. Inakuonyesha mtoto aliyefiwa, inakuachia ahadi na adui ambaye hajamalizwa. Ya pili inakopa juu ya deni, na ndiyo maana watu huipenda kuliko zote: ina raha ya kuchukua bila kulipa. Ya tatu ndiyo inayokuta tarehe 30. Wengi wanaikasirikia kwa sababu walikuja wakidhani watakopeshwa tena.

Somo hili nililipata kwa Batman. Unajua ile ya 2008, The Dark Knight, yenye Joker, adui wa Batman, aliyeigizwa na Heath Ledger. Ledger alifariki Januari ya mwaka huo, miezi sita kabla filamu haijatoka, na Oscar yake wakaipokea watu wa familia yake mwaka 2009. Sasa kuanzia hapo hadi 2012 ni miaka minne, na kwa miaka hiyo minne benchi lililokuwa nje ya duka langu lilitengeneza filamu ya tatu peke yake, bila Hollywood. Mwendesha boda mmoja aliapa kwamba Joker atachorwa kwa kompyuta. Makanga wa matatu za Kayole alisema adui ni Riddler, adui mwingine wa Batman, na mwigizaji anamjua. Mwaka 2010 Christopher Nolan, mwongozaji mwenyewe, alisema waziwazi kwamba si Riddler. Nikamwambia makanga. Akanitazama kwa huruma. "Mama, lazima aseme hivyo. Anaficha." Ikatangazwa Januari 2011 kwamba adui ni Bane na Catwoman, yule mwanamke paka, ni Anne Hathaway, makanga akasema Bane ni chambo, Riddler yuko nyuma.

Utampa nini mtu kama huyo? Alikuwa ameshaitazama filamu yake, na aliipenda. Tiketi angenunua ili kukagua kama Nolan ameinakili sawasawa.

The Dark Knight Rises ikatoka Marekani tarehe 20 Julai 2012. Kabla wiki haijaisha kopi ya kamera ilikuwa Kayole, na ndiyo, niliiuza. Sijisifu nayo. Biashara ile haikuwa halali, na baadaye mashine zangu zilichukuliwa, nikanyamaza kwa sababu nilijua. Basi kopi yenyewe: mtu aliyeirekodi alikaa upande wa kushoto, skrini imelala kama picha iliyoning'inizwa na mlevi. Dakika ya arobaini hivi kichwa cha mtu kinainuka katikati, kinaenda chooni, kinarudi na bisi. Na huyo Bane ana chuma mdomoni. Hata kwenye kumbi nzuri watu walilalamika. Desemba 2011, kipande cha mwanzo kilipoonyeshwa kwenye skrini za IMAX, malalamiko ya kwanza yalikuwa kwamba hasikiki. Fikiria sasa sauti hiyo imepita kwenye kamera ya mwizi, ikapita kwenye spika ya Kayole. Ilikuwa kama mtu anayeagiza chakula akiwa ndani ya tangi la maji.

Soja mmoja, bado yuko kwenye sare ya kazi, alinirudishia CD jioni ile ile. Aliishika kwa ncha za vidole, kama samaki aliyeoza. "Mama, hii imeharibika. Huyu jamaa mwenye kitu mdomoni amekwaruzwa." Nikamweleza kwamba ndivyo anavyoongea. Akasema hakuna mtu anayelipwa mamilioni aongee hivyo.

Jumatano iliyofuata nikafunga duka, nikapanda matatu hadi mjini, nikalipa tiketi halali, nikakaa mstari wa nyuma na maandazi yangu ndani ya mkoba. (Mnaouza bisi kwa bei ile mnisamehe.) Mbele yangu kijana na mpenzi wake. Nusu ya filamu anamnong'oneza, "Ngoja, Joker anakuja." Hakuja. Jina lake halikutajwa hata mara moja kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na hilo Nolan alilifanya makusudi. Kijana akatoka amenuna, bila shaka.

Lakini mimi nilikuwa natazama ukurasa. Katika ya kwanza, ile ya 2005, Bruce, yaani Batman akiwa mtoto, yuko kituo cha polisi, wazazi wake wamepigwa risasi hivi karibuni. Askari wa cheo cha chini, Gordon, anamfunika mabegani kwa koti. Sekunde chache tu, nani angeandika? Nolan aliandika. Miaka saba baadaye Batman anakaribia kubeba bomu alipeleke baharini, na Gordon mzee anamuuliza wewe ni nani hasa. Jibu lake ni kwamba shujaa anaweza kuwa mtu yeyote, hata yule aliyefanya jambo dogo la kumwekea mtoto koti mabegani na kumjulisha kwamba dunia haijaisha. Unamwona Gordon usoni anavyokumbuka. Mimi andazi lilinikwama.

Na si koti tu. Katika ya kwanza Batman alimwacha adui yake, Ra's al Ghul, afe ndani ya treni. Katika ya tatu binti yake amekuja kudai. Katika ya pili alibeba makosa ya Harvey Dent, mwendesha mashtaka wa mji, ili mji umkumbuke Dent kwa wema. Katika ya tatu uongo ule unasomwa hadharani. Madeni yote kwenye meza. Ina kasoro zake, tena kubwa. Mpaka leo hakuna aliyenieleza vipi mtu anatoka kwenye shimo nchi ya mbali, hana nauli wala pasipoti, anaingia mji uliozingirwa akiwa amenyoa ndevu. Mimi kutoka Kayole hadi Ngong bila nauli siwezi. Lakini kasoro ya nauli na kasoro ya kutolipa ni vitu viwili.

Ukitaka kuona ya tatu iliyovuruga daftari, tazama Spider-Man 3 ya mwaka 2007. Watu wanalaumu Peter kucheza densi barabarani na nywele zimeangukia jicho. Densi haikuniudhi hata kidogo. Kilichoniudhi ni Sandman. Katika ya kwanza Peter alimwachia mwizi apite, mwizi akamuua Mjomba Ben, na uzito ule ndio uliomfanya awe Spider-Man. Deni zito, tumelibeba filamu mbili. Ya tatu inatuambia, samahani, muuaji hasa alikuwa mtu mwingine. Ni kama mteja aje aniambie ule ukurasa ulioandika miaka mitano si wangu. Wakaongeza Venom juu yake, na mtoto wa Osborn, maadui watatu wanagombania kiti kimoja. Sam Raimi, aliyeiongoza, baadaye alikiri mwenyewe kwamba hakuwaamini wahusika wote aliowaweka.

X-Men ya tatu, 2006, ni kisa kifupi: fundi alihama nyumba ikiwa bado haijaezekwa. Bryan Singer alikwenda kupiga filamu ya Superman, akaja Brett Ratner. Ya pili ilikuwa imetuacha na umbo la ndege wa moto chini ya maji ya ziwa, tukasubiri miaka mitatu, kisha Cyclops aliyekuwa akimlilia mpenzi wake ziwani akauawa mapema, nje ya macho yetu. Nilifikiri CD yangu imeruka.

Sasa lete orodha yako, tuipitishe kwenye daftari.

Lupita: hilo ni deni halali. Mwisho wa ya pili, ile ya 2022, Nakia yuko Haiti na mtoto aliyelelewa mbali na Wakanda, mtoto wa T'Challa, na mtoto naye anaitwa T'Challa. Mwandishi haweki mtoto kwenye skrini dakika ya mwisho halafu akamsahau. M'Baku vilevile: tulimwona kwenye maporomoko amekuja kudai kiti. Namor naye ni deni, ila si la kupigwa. Alisalimu amri, kisha akamwambia ndugu yake kwamba iko siku Wakanda watawahitaji. Hiyo ni ahadi, na inadaiwa ilivyoandikwa.

Killmonger umeshalipwa. Alisema azikwe baharini pamoja na mababu walioruka kutoka merikebuni, na katika ya pili tukampata tena kwa dakika chache, upande wa wafu. Ukimfufua unamharibia kifo kizuri kuliko vyote katika filamu hizi. Funga huo ukurasa.

T'Challa kurudi, hapo ninaenda polepole. Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki tarehe 28 Agosti 2020, na filamu nzima ya pili ni matanga yake. Mimi nimezika mume. Najua mtu akifika mlangoni na shati linalofanana na la marehemu moyo unavyoruka, na unavyotua. T'Challa umeshapewa, ana umri wa meno ya mbele kung'oka. Msubiri akue.

Uhuru Park ni hamu, si deni. Hakuna aliyekuahidi. Nami naitaka, usifikiri sitaki. Lakini iandike kwenye karatasi nyingine, usiichanganye na hesabu.

Halafu hilo la "iwe kubwa kuliko ya kwanza". Mwanangu, ulikuwa wapi Februari 2018? Kisumu walifanya onyesho lao mapema. Hapa Nairobi watu walikwenda sinema wakiwa wamevaa kama wanakwenda kwa wakwe. Kwenye foleni nilisimama nyuma ya mama mmoja wa rika langu mwenye kilemba kirefu, kijana aliyekuwa nyuma yetu akamwomba, kwa heshima zote, akivue tukiingia ndani, na mama akamjibu, "Leo hata wewe uvumilie." Hiyo haikuwa ndani ya filamu. Ryan Coogler, mwongozaji wake, hana kitufe cha kuirudisha.

Kwa hiyo kata orodha, yabaki matatu. Tazama trela ya kwanza basi, za pili na tatu ziache, maana siku hizi trela ya tatu ni filamu nzima imekunjwa. Na huyo rafiki anayesema utanuna, mkalishe mbali na wewe. Mtu aliyekuja kusubiri unune huwa anakuchungulia badala ya kutazama skrini.

Mama Muvi, mwezi uliopita uliandika kwamba Spider-Man 3 ilipata hasara. Nimefuatilia: iliingiza karibu dola milioni 890, kuliko mbili zilizotangulia. Ukiwa unaandika magazetini uhakikishe. – Mhasibu, South B

Umenishika, Mhasibu. Niliandika kwa hasira, hasira haina kikokotoo. Ni kweli, iliziacha zote mbili nyuma. Ila na wewe kama mhasibu angalia pesa hiyo ilitoka lini mfukoni. Supu ya River Road unalipa ukishakunywa. Tiketi unalipa kabla ya kuonja. Pesa za ya tatu huwa ni shukrani za ya pili.

Dada Mama Muvi, binti yangu wa miaka 15 alimwambia mdogo wake wa miaka 12 mwisho wa filamu waliyokuwa wamepanga kwenda kuona pamoja. Alisema kwa makusudi, mbele ya chakula. Kijana sasa ni siku ya nne hasemi naye. Mimi naona ni mchezo tu wa watoto, baba yao anasema nimwadhibu. – Mama wa Rongai

Dada, nakubaliana na baba. Kupasua mbarika ya mtu aliyesubiri miaka miwili ni wizi, hata kama hakuna kilichopotea nyumbani. Binti alipe tiketi ya mdogo wake kutoka kwenye pesa zake za matumizi, na siku hiyo yeye abaki kuosha vyombo. Kijana mwambie amejua nini kinatokea, bado hajajua kinatokea vipi. Mimi nimetazama filamu nyingi mwisho nikiwa nimeambiwa na wateja, na nyingine zilinishika zaidi kwa kuwa sikuwa na wasiwasi wa nani anakufa.

Kabla ya hayo yote angalia alama ya Bodi ya Filamu kwenye bango. Ikiwa ni 16, wote wawili wabaki nyumbani na ugomvi umeisha.

Mwalimu wa Kiswahili hapa Thika nauliza: Wakanda iko Afrika, mbona hawaongei Kiswahili? Wanafunzi wangu wanatumaini ya tatu itarekebisha.

Mwalimu, Kixhosa kiliingia kupitia John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyekuwa baba yake T'Challa katika Captain America: Civil War ya 2016. Hiyo ndiyo lugha yake ya nyumbani, akaitumia na "mwanawe", na filamu zilizofuata zikaifuata. Ukiibadilisha lugha katika ya tatu, mfalme na baba yake watakuwa waliongea lugha ambayo mji haujui. Wanafunzi waambie Kiswahili tayari kina wakalimani wake: filamu hizi hizi, akizishika DJ Afro na kuzisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, huwa zinapata wahusika wapya kabisa. Nimewahi kuuza kopi mbili za filamu moja kwa mtu mmoja, ya Kiingereza na ya Afro, akaniambia anazitazama zote kwa sababu hazifanani.

Mama Muvi, shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Mwaka 2012 nilikuwa soja pale karibu na stendi. Nilichukua kwako Batman zote tatu kwa mkopo, halafu kazi ikahamishiwa Nakuru nikaondoka bila kukuaga. Juzi mwanangu alikuwa anazitazama kwenye simu nikakumbuka. Ni 150. Nitume kwa namba gani?

Marahaba. Nimelitafuta daftari, lilikuwa chini ya kasha la chaja, panya wameanza nalo upande mmoja lakini ukurasa wako ni mzima. Ni 100. Ya tatu uliirudisha jioni ile ile ukisema jamaa amekwaruzwa.

Kwa mwanao ilisikika?